Msafara Uliopita Bila Kupiga Goti

Mimi ni fundi cherehani, na watoto wa kitongoji chetu nimewajua kwa vipimo kabla ya kuwajua kwa majina. Najua nani kiuno chake hakijaongezeka tangu shule zifunguliwe, nani amerithi sketi ya dada yake, na nani mama yake huniambia "fundi, shusha pindo kidogo" wakati pindo lenyewe lilishakwisha mwaka juzi. Cherehani yangu iko barazani, kwa hiyo kila asubuhi kazi ya mikono yangu hunipita mbele ya macho ikielekea shule. Mwaka ule sare zilipoanza kupungua njiani, nadhani niliona hata kabla ya walimu.

Kilichozipunguza kilikuwa shimo. Kitongoji chetu kiko upande wa Geita, ukiifuata barabara ya kwenda Ushirombo halafu ukaiacha, na kati yetu na shule kuna eneo ambalo wachimbaji walilichimba wakalichoka. Shimo la dhahabu wao huliita duara. Dhahabu ikikata, wanabeba sululu zao na kuhama, mdomo wa duara unabaki wazi, mvua zikinyesha nyasi zinauziba. Mtoto mmoja wa darasa la kwanza alikuwa anarudi kutoka shule, akakata njia, akatumbukia. Walimtoa hai, mguu umevunjika na sauti imekauka kwa kulia. Nilivyosikia mimi, vijana wa karasha, ile mashine ya kusaga mawe, ndio waliomvuta kwa kamba. Niliposikia hivyo nikasema Mungu awabariki, nikarudi kwenye cherehani yangu, sikuuliza zaidi.

Baada ya hapo wazazi wakaanza kuwazuia watoto. Wakubwa waliendelea kwenda kwa ubishi wao, lakini wadogo walibaki nyumbani kuchunga mbuzi na kulea wadogo zao. Kati ya waliobaki alikuwepo msichana mmoja wa darasa la tatu aliyekuwa akilelewa na bibi yake. Baba yake alifukiwa na mgodi yeye akiwa bado mgongoni. Mama yake alikwenda Chato kuuza samaki, na alikuwa anatuma salamu na nguo kila alipopata mtu wa kumpa. Nyumba ilikuwa ya watu wawili tu, bibi na mjukuu, na bibi macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Mtu aliyesimama hatua tano kutoka kwake alimwona kama kivuli.

Yule mtoto alikuwa anavaa sare kila siku hata ya kwenda kuchota maji. Akishafikisha ndoo nyumbani, anakuja barazani kwangu, anaokota vipande vya chaki yangu ya kupimia, anaandika hesabu kwenye sakafu ya saruji. Alikuwa ananiuliza saba mara nane ni ngapi huku mimi natia uzi kwenye sindano, nami namjibu kwa haraka, naye ananitazama kwa huruma na kuniambia nimekosea. Nilimwambia aache kunichafulia baraza. Hakuacha, na kusema kweli nami sikutaka aache.

Wiki ya nne akaniuliza jambo jingine. Alikuwa amechutama, chaki mkononi, hakuniangalia.

"Fundi, mtu akikaa nyumbani muda gani ndiyo anasahau kusoma?"

Nilishona mkono wa shati juu chini, nikaufumua, nikaushona tena. Jioni ile nilimwambia mume wangu kwamba watoto hawa watakwenda shule hata kama itabidi niwapeleke mwenyewe. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu aliyeishi na mimi miaka mingi.

Lazima niseme kwamba mimi si mtu wa subira. Nilizaliwa Ibadakuli, Shinyanga mjini, shule ikiwa ng'ambo tu ya barabara, na nyumbani kwetu Kisukuma kilikuwa cha wazazi wakigombana. Nimekuja huku nikimfuata mume aliyeifuata dhahabu. Nikiona jambo haliendi, nalisukuma. Mara nyingi linaenda, na hapo ndipo ubaya ulipo, kwa sababu mtu akizoea kusukuma hasikii tena mlango unapolia.

Nilimwendea mwenyekiti wa kitongoji, tukaitisha mkutano kwenye uwanja wa karasha, kwa kuwa ndiko wanaume wanakopatikana. Nikasimama na daftari langu la vipimo. Nilisema watoto wote watakutana barazani kwangu saa kumi na mbili asubuhi, watatembea mstari mmoja, mtu mzima mmoja mbele na mwingine nyuma, kwa zamu, na kurudi hivyo hivyo. Mzee mmoja akauliza kama nataka kuwafanya watoto wanajeshi. Nikamwambia wanajeshi wanarudi nyumbani na miguu miwili. Watu wakacheka, na nikajua nimewapata. Vijana wa karasha walikubali kukata matawi ya miiba na kuyafunika maduara yote yaliyo karibu na njia. Wakafanya hivyo siku mbili mfululizo bila kuombwa tena, na mpaka leo nikiwasikia watu wanawasema vibaya wachimbaji nakumbuka mikono yao ilivyochanika.

Kisha nikapita nyumba kwa nyumba kuandikisha. Mume wangu alinipa pikipiki yake na dereva juu. Nilikuwa nafika, sishuki hata, nasema habari zenu, naandika jina la mtoto, naondoka. Kwa siku moja nilimaliza kaya zote isipokuwa ile ya bibi, iliyoko mwisho wa kitongoji, pale njia inapoiacha mihogo na kuingia kwenye maduara. Nilimkuta amekaa nje ya ua wake wa minyaa akimenya karanga kwenye ungo. Mjukuu alikuwa amesimama nyuma yake na sare yake, ananiombea kwa macho.

Nilimweleza bibi mambo yote nikiwa juu ya pikipiki. Alisikiliza mpaka mwisho, vidole vinaendelea na karanga. Kisha akasema nizime injini. Dereva akazima.

"Nitakupa mtoto, na utanirudishia mtoto," akasema. "Ila wapite hapa kwangu. Asubuhi wapite, na wakirudi wapite. Wote wanisalimie."

Nikasema hakuna shida, mama, njia yenyewe ndiyo hii hii. Nikaandika kwenye daftari: kupitia kwa bibi. Nililichukua kama neno la njia. Nikaomba dereva awashe.

Siku ya kwanza walikuja watoto thelathini na mmoja. Niliwapanga kwa kimo, wadogo mbele, nikajisikia vizuri sana kuona sare zangu zimesimama mstari. Tuliondoka saa kumi na mbili kamili na tukafika shule saa mbili kasoro kumi, lango limeshafungwa tangu saa moja na nusu. Mwendo ambao mtoto mmoja anautembea dakika arobaini ulituchukua karibu saa mbili. Mwalimu mkuu, mwanamume mpole anayeipenda saa yake ya mkononi, aliwatoa watoto wote wakafagie uwanja kama sheria ya wachelewaji inavyotaka. Mimi nilisimama nje ya lango na aibu yangu.

Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Ubaya haukuwa miguu ya wadogo. Ulikuwa salamu. Huku kwetu mtoto akikutana na mtu mzima hampiti tu. Msichana anapiga magoti, mvulana anainama mikono ikiwa kwenye magoti, anasema mwangaluka, mkubwa anaitikia mwangaluka, kisha anauliza huyu ni wa kwa nani, kaya ni mhola, yaani salama, baba amerudi, yule ng'ombe aliyevunjika pembe anaendeleaje. Mtoto anajibu mhola, anasimama, anaendelea. Kwa mtoto mmoja ni jambo la nusu dakika. Sasa wapange thelathini na mmoja, na kila mmoja asubiri zamu yake, kwa maana hakuna mzee wa Kisukuma atakayeitikia salamu ya kundi kama anaitikia redio. Halafu hesabu wazee waliopo njiani asubuhi: anayetoa ng'ombe, anayekwenda shamba, anayerudi kisimani, anayetoka tu nje kuangalia mbingu. Habari zikaenea kwamba kuna watoto wengi wanapita wakisalimia, na wengine wakaanza kutoka makusudi. Kuna babu mmoja tulimkuta amebeba kigoda.

Na bibi wa mwisho wa kitongoji ndiye aliyetumaliza kabisa. Kwake kila mtoto ilibidi asogee karibu, apige goti, naye anyooshe mkono amguse kichwani, apapase kidogo, aseme huyu ni wa nyumba fulani. Hakosei. Nilikuwa nimesimama pembeni natazama saa ya simu.

Nilichokiona zaidi kilikuwa magoti. Mvua zilikuwa zimeanza, na sare niliyoishona kwa mikono yangu ilikuwa inafika shule ina madoa mawili ya tope mbele, kila msichana, na mapindo yameanza kukatika. Watoto walikuwa wanaadhibiwa kwa kuchelewa, kisha wanaambiwa ni wachafu. Mwishoni mwa wiki ya pili mama wawili waliniambia kwa upole kwamba labda watawaacha watoto wao waende wenyewe, au wasiende. Maji yakanifika shingoni.

Jumatatu nikatangaza sheria. Niliwaambia watoto kwamba kuanzia leo msafara hausimami. Tukimkuta mkubwa, mimi nitapiga filimbi, wote mtasema shikamoo kwa sauti moja huku mnatembea, basi. Msichana mmoja mkubwa akauliza, na magoti? Nikasema magoti mtapiga jioni nyumbani. Walitazamana, wakacheka kidogo kwa hofu, kama watu walioambiwa waingie na viatu mahali wasipopaswa. Tukaondoka. Filimbi, shikamoo, filimbi, shikamoo. Babu wa kigoda alibaki na mdomo wazi. Bibi alikuwa ameshanyoosha mkono wake, nasi tukapita. Tulifika lango likiwa wazi na dakika kumi na tano za ziada.

Wiki tatu zilizofuata nilitembea kifua mbele. Mwalimu mkuu alinishukuru mbele ya wanafunzi wote. Kuna mtendaji aliyekuja kutazama na kusema vitongoji vingine viige. Watoto wengine sita wakaongezeka. Yule msichana wa darasa la tatu alikuwa anapita barazani akiniambia amekuwa wa pili, kisha amekuwa wa kwanza, na kuniuliza tena saba mara nane kwa kunichokoza. Nilikuwa nimeshaijua, hamsini na sita.

Siku moja hakuwepo kwenye mstari. Nilidhani ni homa. Siku ya pili hakuwepo. Siku ya tatu, tulipopita kwenye ua wa minyaa, nilimwona nyuma ya nyumba anatwanga, hana sare. Aliinua uso kidogo, akaendelea kutwanga. Niliwafikisha wenzake shule, nikarudi moja kwa moja.

Bibi alikuwa ndani ya ua. Nilisimama mlangoni, pumzi juu juu, nikamuuliza kuna nini. Akasema mtoto hatakwenda tena. Nikauliza kwa nini.

"Nilikwambia nitakupa mtoto na utanirudishia mtoto," akasema. "Huyu uliyenirudishia ananisalimia amesimama. Juzijuzi amepita hapo kwenye ua, shikamoo bibi, anaendelea na safari yake. Mimi nimenyoosha mkono, nimeshika hewa."

Nilimwambia ni mtoto tu, amejisahau, atakumbushwa. Nikamwambia kuhusu lango na ufagio na sare zenye tope. Nikamwambia kwamba mjukuu wake ana akili kuliko watoto wote niliowahi kuwashonea na kwamba mwakani ana mtihani wa darasa la nne. Alitikisa kichwa. Akasema wapite hapa wasimame, au huyu habanduki. Mtwangio nyuma ya nyumba ulikuwa umenyamaza, kwa hiyo nilijua kwamba mtoto anasikia, na hilo lingetosha kunifunga mdomo kama mdomo wangu ungekuwa na breki.

"Mama, heshima haikumtoa yule mtoto shimoni," nikamwambia. "Vijana na kamba ndio waliomtoa. Wewe kaa na heshima yako, mimi nataka watoto wafike shule wazima."

Hakujibu. Midomo yake ilisogea kidogo, akaurudisha mkono kwenye ungo, akatafuta karanga kwa kupapasa, akaipata, akaimenya. Mimi nikageuka nikaenda. Njia nzima nilikuwa najisifu kwamba nimemweleza ukweli ambao wengine wanaogopa kuusema.

Mume wangu alikuja mchana kula. Nilimsimulia yote huku nampakulia ugali, na nilimsimulia kwa kujigamba, hasa ile sehemu ya mwisho. Aliacha kunawa. Alinitazama maji yakimtiririka mkononi.

Akaniuliza kama kweli nilimwambia yule bibi maneno hayo. Nikasema ndiyo, kwani ni uongo? Akasema kwamba siku ile yeye alikuwepo karasha. Mashine zilikuwa zinanguruma, hakuna mtu aliyesikia mtoto wala nani. Aliyekuja ni yule bibi. Alikuja peke yake na fimbo, amepita katikati ya maduara na macho yale, amechanika miguu, ameanguka angalau mara moja kwa sababu alikuwa na udongo mpaka kwenye kilemba. Alisimama mbele ya mashine akapunga fimbo mpaka wakazima. Akawaambia kwamba watoto wa shule wamerudi, wamemsalimia mmoja mmoja, na mdogo wa nyumba ya muuza dagaa hajapiga goti. Wakamwambia labda amebaki shule anacheza. Akasema huyo asubuhi amepita, alimgusa kichwa, na hajarudi. Hakutaka kuondoka mpaka waende naye. Walizunguka na kila duara wakiita, na kwenye la nne wakasikia.

"Sisi tulivuta tu," mume wangu akasema. "Angekuwa mwingine angelala humo."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alidhani najua, kila mtu anajua, halafu akaongeza bila ukali kwamba sikuuliza. Akala kidogo, akarudi kazini. Mimi sikula. Nilikaa kwenye cherehani bila kushona chochote mpaka jioni, na kitu kilichoniuma zaidi ya maneno yangu kilikuwa ule ukimya wa bibi. Angeweza kunijibu kwa sentensi moja. Yeye ndiye aliyempoteza mwanawe chini ya ardhi ile ile, akaenda kumtafuta mtoto wa mtu kwa kupapasa, na mimi nilisimama mlangoni kwake nikamfundisha kuhusu mashimo. Hakunijibu, na mjukuu wake alikuwa anasikiliza.

Nililitoa daftari nikasoma nilichoandika: kupitia kwa bibi. Alikuwa ameniambia wazi kabisa. Alitaka kuwapokea mmoja mmoja kwa mkono wake wakienda na kuwapokea tena wakirudi, kwa sababu hicho ndicho kilichowahi kuokoa mtoto mmoja na hakuwa na njia nyingine ya kuona. Mimi nilikuwa nimempigia filimbi.

Kesho yake niliwatangulia majogoo. Nilikuwa nimepita kila nyumba jioni nikiomba watoto waletwe mapema zaidi, na mama mmoja aliniambia kwamba sasa nimechanganyikiwa. Hata hivyo walikuja, wamejikunyata, wengine wana viazi mkononi. Filimbi niliiacha juu ya cherehani. Niliwaambia kwamba mimi nilikosea, kwamba leo tutasalimia kama tulivyofundishwa nyumbani, na kwamba wazee wa njiani mmoja wetu wa mbele atawasalimia kwa niaba ya wote, lakini kwa bibi kila mtu atapiga goti lake. Yule msichana mkubwa aliyeniuliza kuhusu magoti aliwapanga wadogo tu.

Tulimkuta amekaa nje ya ua, mahali pake. Nadhani alitusikia tangu mbali. Mjukuu wake alikuwa amesimama kando yake, amevaa sare lakini hana mfuko wa madaftari, na bibi alikuwa amemshika mkono, kifundo cha mkono kimezungukwa na vidole vyake vyote. Nilijua kwamba asubuhi ile ndiyo mwisho wa maneno. Akikataa mbele ya watoto wote hawezi kurudi nyuma, na mimi sitakuwa na uso wa kuja tena.

Mdogo wa mbele akapiga goti, akamwita mama kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, ng'wanawane." Mkono ukashuka kichwani. "Wa kwa mshona viatu."

Akafuata mwingine, na mwingine. Wa kwa mwenye duka. Wa kwa mwenyekiti. Wa kule kwenye mgomba mmoja. Wavulana waliinama mpaka mkono ukawafikia. Alipofika mtoto wa muuza dagaa, yule wa shimoni, ambaye goti lake lilikuwa bado halikunji vizuri na alisalimia mguu mmoja umenyooshwa pembeni, mkono wa bibi ulikaa kichwani muda kidogo zaidi. Hakusema kitu cha pekee. Aliitaja nyumba yake kama alivyozitaja za wengine.

Wa mwisho alisimama akarudi kwenye mstari. Bibi hakuuachia mkono wa mjukuu wake. Alisikiliza, kichwa kimeinama upande.

"Hawajatimia," akasema.

Niliwahesabu. Walikuwa thelathini na sita, wote waliokuja asubuhi ile. Nikamwambia, wametimia, mama, nimewahesabu mwenyewe.

"Hawajatimia. Kuna mmoja hajanisalimia."

Nikahesabu tena kwa kidole, jasho linanitoka kwa sababu nilidhani kweli nimemwacha mtoto njiani. Wadogo walianza kutazamana. Ndipo nilipomwona yule msichana wa darasa la tatu ananitazama mimi, macho makubwa, anatazama magoti yangu kisha uso wangu, kama anavyonitazama nikikosea hesabu.

Sijui ni miaka mingapi nilikuwa sijampigia mtu goti. Ardhi ilikuwa na umande. Nilishuka mbele ya watoto niliowapigia filimbi, nikasema mwangaluka, mayu, na Kisukuma changu kikatoka kimepinda. Mkono ulinigusa kilemba, ukashuka kwenye paji la uso, ukapapasa mashavu, ukakuta yameloa, haukushtuka.

"Wa kwa nani wewe?"

Nilimwambia mimi ni fundi, niliyekuja kumsema vibaya mlangoni kwake. Nikamwambia nimeambiwa nani aliyeenda karasha siku ile, na kwamba nilikosa.

"Hilo najua," akasema. "Nimekuuliza wa kwa nani."

Nikamtajia baba yangu, na baba yake, na upande wa mama, na kwetu Ibadakuli, vitu ambavyo tangu nije huku hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Alisikiliza vyote na kuitikia kila jina. Kisha akafungua vidole vyake, kimoja kimoja, mkono wa mtoto ukawa huru, naye akakimbilia ndani kuchukua madaftari.

"Mkirudi nitawangoja hapa," bibi akaniambia, mkono wake bado uko kichwani pangu. "Na wewe nitakungoja."